Ruzuku ya vigae vya mkonge: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina karakana Ngamiani, Tanga, tuko watu 4. Tunatengeneza vigae vya paa kwa saruji, mchanga na singa fupi za mkonge zinazobaki kwenye korona, yaani mtambo wa kuchakata mkonge. Wateja wanavipenda kwa kuwa havina joto wala kelele za bati mvua ikinyesha. Nimeona tangazo la ruzuku kwa wabunifu wadogo, lakini sharti nishirikiane na taasisi ya utafiti. Rafiki ananiambia nitafute tu mtu wa chuo anigongee mhuri. Nifanyeje? – Fundi vigae

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo mhuri achana nao. Nilipokuwa na mradi wangu wa sabuni za mwani nilifanya hivyo hivyo. Watoa fedha wakampigia simu bwana aliyenisainia barua, wakamkuta hajui sabuni yenyewe inatengenezwaje. Ombi likafia hapo, na mwaka mzima wangu nao.

Ruzuku ya namna hii hailipii biashara inayokwenda. Inalipia jambo ambalo bado hulijui, na mwenye maabara anaweza kukusaidia kulijua. Wewe unalo, na ni zito. Chukua kigae chako cha zamani kabisa, kilichopigwa jua na mvua miaka kadhaa, kivunje sambamba na kipya. Kipya hakiachii kirahisi. Kinapasuka, lakini singa zinashikilia vipande mpaka uvivute. Cha zamani, nahofia, kitakatika mara moja kama biskuti, na singa zake ukizisugua kwa vidole zitabaki unga. Ukali wa chokaa iliyomo ndani ya saruji ndio unaozila. Paa za saruji na katani zilijaribiwa nchi mbalimbali miaka ya 1970 na 1980, na ugonjwa wao ulikuwa huo huo.

Dawa mojawapo inayofahamika ni kupunguza saruji na kuweka badala yake majivu ya pumba za mpunga yaliyochomwa vizuri, kwa sababu yanaimeza ile chokaa. Pumba huzikosi, Mombo si mbali. Lakini uweke kiasi gani, uzichome kwa moto wa namna gani, na kigae kitadumu miaka mingapi kwenye chumvi ya upepo wa bahari yetu? Hilo ndilo swali la kuandika kwenye ombi lako.

Ukiwa na swali hilo, nenda kwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, Dar es Salaam. Beba vile vipande viwili mkononi, vitaongea kuliko barua. Kwa mambo ya singa zenyewe, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kiko hapo Muheza. Fedha za serikali za ubunifu fuatilia matangazo ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, na mpango wa biashara ukakae na watu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani.

Mgawanyo wa kazi kati yako na taasisi usiuache hewani. Marekani walianzisha mwaka 1992 mpango wa ruzuku wa STTR, ambao masharti yake yalitaka kampuni ndogo ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na taasisi ya utafiti angalau asilimia 30. Si sheria yetu, ila ni kipimo kizuri cha kuanzia mazungumzo. Andikeni mapema nani anamiliki mchanganyiko na nani analipia vipimo. Mtafiti atataka kuchapisha, na ni haki yake, lakini hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, iombwe kwanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Jambo likishatangazwa hadharani laweza kuhesabiwa si jipya tena.

Fedha nyingi za ruzuku huja kwa awamu, na awamu ya pili husubiri ripoti na risiti za ya kwanza. Usiwaachishe wateja wako ukitegemea hizo, vijana wako watakula nini zikichelewa?

Na leo hii, kabla hujaandika hata mstari mmoja, chukua msumari. Kila kigae kikiwa bado kibichi, chora nyuma yake tarehe, ndoo ngapi za mchanga, saruji kiasi gani na singa kiasi gani. Kumi kati ya hivyo visiuzwe. Viweke juu ya paa la karakana vipigwe jua na mvua.