Jibu: Vitz RS muda umegota, ninunue koilova au kifaa cha data?

Mkuu uliyeko Lindi, swali lako nimelielewa. Una Vitz RS manyuali, mnashindana na saa kwenye njia iliyopangwa kwa koni mara mojamoja na wenzako, muda wako umegota, na jamaa mwenye gari dhaifu kuliko lako anakuacha kwa zaidi ya sekunde. Mfukoni una pesa ya kitu kimoja tu. Wachangiaji waliotangulia karibu wote wamekupeleka kwenye koilova, yaani seti ya shokapu na springi za kurekebisha urefu. Mimi niko Mtwara, naendesha Starlet EP91, na naenda kinyume nao: chukua kifaa cha data, yaani kinachorekodi mwendo na mahali gari lilipo, halafu usiguse gari mpaka muda wako uanze kujirudia.

Tuseme umekimbia raundi nne za njia ileile ukapata 41.2, 42.3, 41.0 na 42.0. Kati ya raundi nzuri na mbaya kuna sekunde 1.3. Mabadiliko ya upepo wa tairi au stablaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) mara nyingi yanaleta sehemu mbili au tatu za kumi ya sekunde. Utayaonaje yakiwa yamefunikwa na sekunde nzima ya mikono yako mwenyewe? Kikundi chetu kina utani mmoja: mtu ambaye raundi zake tatu mfululizo hazikai ndani ya nusu sekunde hana ruhusa ya kusimulia habari za shokapu mpya. Ni utani, ila tunaufuata.

Nikueleze kwanza tunakimbilia wapi, maana ardhi ina neno kubwa kwenye haya yote. Tunatumia yadi ya ghala la korosho, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ni moramu iliyoshindiliwa na malori, juu yake mchanga mlaini. Kuanzia Oktoba minada ikifunguka yadi inajaa magunia na semi, hakuna nafasi hata ya kugeuza pikipiki. Korosho zikiisha mvua nazo zimekolea. Kwa hiyo msimu wetu ni wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Wenzetu wa Kenya otokrosi yao (mbio fupi za kushindana na saa) ni ya vumbi, Marekani wanapanga koni juu ya lami au zege na kila koni ukiigusa unaongezewa sekunde mbili. Hizo sekunde mbili tumeziiba na sisi, zinafundisha adabu haraka.

Sasa kifaa. Simu peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema. GPS ya simu nyingi inaandika mahali ulipo mara moja kwa sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa unasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Koni za slalomu, zile za mstari unazopita kwa zigizaga, tunazipanga mita 15 hivi, kwa hiyo unapata nukta moja kwa kila koni. Hapo katikati ulifanya nini, simu inabuni tu. Kipokezi cha nje cha GPS kinachoandika mara 10 kwa sekunde kinakupa nukta kila mita 1.4, na cha mara 25 kila nusu mita na kidogo. Vingi vinaongea na simu kwa Bluetooth. Mimi natumia programu ya simu iitwayo RaceChrono, inakubali mstari wa kuanzia na wa kumalizia viwe sehemu tofauti, kitu ambacho sisi watu wa koni tunakihitaji kila siku.

Kipokezi kiweke juu ya paa, katikati, kisizibwe na bati, na ukiwashe dakika kadhaa kabla hujaanza ili kipate setilaiti za kutosha. Simu ifungwe imara mahali pa kivuli. Kwa jua letu hili, simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele inachemka na kuzima katikati ya raundi. Kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, kiache kwanza. Gari nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazisikilizani nacho, na hata zikisikilizana taarifa zinakuja kwa kusuasua. Mwendo na mahali vinakutosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Cha kuongeza ni video inayoonyesha mikono yako kwenye usukani.

Ukishapata faili, fungua grafu ya mwendo dhidi ya umbali. Usitumie ya mwendo dhidi ya muda, kwa sababu raundi mbili zikipishana hata kidogo mwanzoni, kona hazitakaa juu ya kona. Weka raundi yako bora, juu yake weka raundi ya huyo jamaa anayekupita, ikiwezekana akiwa ndani ya gari lako. Mwombe, watu wa koni hawana choyo. Akifanya muda mzuri na Vitz ileile, habari ya koilova imekufa palepale, na umeokoa pesa.

Kitu cha kwanza kuangalia ni vilele. Pale unapoacha mafuta na kushika breki, grafu inatakiwa iwe kama paa la nyumba ya makuti: inapanda, inakatika, inashuka. Ukiona kilele kimelala bapa, maana yake mguu umeondoka kwenye mafuta na haujafika kwenye breki. Gari linateleza bure. Nusu sekunde ya namna hiyo kwa kilomita 50 ni mita 7 ambazo huongezi mwendo wala hupunguzi. Angalia raundi yako, nina hakika utazikuta, na utazikuta zaidi kwenye kona usizozipenda.

Cha pili ni mabonde, yaani mwendo wa chini kabisa kwenye kila kona. Linganisha bonde limekaa wapi na koni ya ndani. Bonde likiwa kabla ya koni au sambamba nayo, umeshaanza kukanyaga mafuta unapoipita. Likiwa mita kadhaa baada ya koni, uliingia na mwendo mwingi, pua ikakataa kugeuka, ukakaa kusubiri. Dereva mwenyewe kwenye kiti anahisi alikuwa mkali sana, matairi yamelia, vumbi limepanda. Grafu inasema alikuwa amepaki.

Na hapa nikupe hesabu inayoonyesha pa kuweka nguvu. Chukua mita 20 za njia. Ukizipita kwa kilomita 60 kwa saa unatumia sekunde 1.20. Ongeza kilomita 3, unatumia 1.14, faida ni sehemu sita za mia. Sasa chukua mita 20 za kona nzito unayoipita kwa 25. Zinakula sekunde 2.88. Ongeza kilomita zilezile 3, zinakuwa 2.57, faida ni zaidi ya sehemu tatu za kumi. Mara tano! Lakini kaa pembeni ya yadi yoyote usikilize watu wanazungumzia nini: nani alifika gia ya tatu kwenye sehemu iliyonyooka.

Kuna jambo moja la kona za kurudi nyuma, zile za kuzunguka koni nyuzi 180, ambalo watu waliozoea kuangalia mbio za barabarani wanalibishia mpaka mwisho. Wanaambiana panua kona, beba mwendo. Tufanye hesabu ya karatasi. Kwenye moramu yetu gari linashika karibu 0.55 g, yaani nusu na kitu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ukizunguka kwa nusukipenyo cha mita 12 unaweza kwenda kilomita 29 kwa saa, ukipanua hadi mita 15 unakwenda 32. Mwendo umepanda, sawa, lakini nusu duara nalo limerefuka kutoka mita 38 hadi 47. Ile ndogo unaimaliza kwa sekunde 4.7, ile pana kwa 5.2. Umepoteza nusu sekunde, na sasa unaomba mnyooko wa mbele ukurudishie. Mnyooko wa mita 30 kwa gari la lita 1.5 haurudishi hata nusu ya deni hilo. Ukiwa mrefu sana, labda. Kwa hiyo usichukue maneno yangu wala yao: endesha zote mbili, kisha angalia mstari wa tofauti ya muda kwenye programu, si pale kona inapoisha bali pale breki inayofuata inapoanza.

Slalomu ni fupi kuieleza. Fungua grafu ya nguvu ya pembeni, ile inayokusukuma kushoto au kulia unapokata kona. Mawimbi yanatakiwa yalingane urefu kushoto na kulia. Yakianza madogo na kuishia makubwa, unachelewa zaidi kwa kila koni, na dawa iko koni ya kwanza: ingia taratibu kuliko unavyotaka, geuza mapema, macho yawe koni mbili mbele.

Tuje kwenye gari, najua ndicho ulichokuja kusikia. Kabla ya kuboresha, ondoa ubovu. Mwambie fundi anyanyue gari, atikise tairi, aangalie boljointi, tairodi, bushi za amu na shokapu inayovuja. Chumvi ya pwani yetu haina huruma na nati za chini, kwa hiyo kapulizie dawa ya kutu siku moja kabla. Gari lenye bushi iliyokufa linabadilisha alaimenti kila linapokata kona, utapima nini hapo?

Baada ya hapo, upepo. Huu ndio mpangilio wa bure na ndio ninaouchezea kuliko wote. Nunua geji yako mwenyewe, za kwenye vituo kila moja ina dini yake. Anzia kwenye namba iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Chora chaki kuanzia kwenye kanyagio, yaani uso wa tairi unaokanyaga ardhi, kushuka ubavuni, kimbia, kisha angalia imefutika mpaka wapi. Ikifutika hadi ubavuni tairi linalala, ongeza. Gari la kuvuta mbele kama letu linapenda kunyooka kwenye kona, kwa hiyo nyuma huwa naongeza PSI mbili mbili kuliko mbele, mpaka mkia uanze kusaidia kugeuka. Mkia ukianza kukutangulia, rudisha. Kumbuka pia tairi likipata joto kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo unapanda karibu PSI moja. Ulichopima saa moja asubuhi sicho unachoendeshea saa saba mchana.

Kinachofuata ni tairi za mbele kuangalia nje kidogo, milimita mbili hivi kwa jumla. Pua inaingia kona haraka zaidi. Kama hamna mashine ya alaimenti karibu, mshipi wa wavuvi unatosha: funga stendi mbili kila upande, vuta mshipi usawa wa katikati ya rimu, hakikisha uko sambamba na gari, pima kwa rula ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Fundi wangu wa Chikongola aliucheka mwanzoni, siku hizi anawatoza watu kwa huo. Tia rangi kwenye nyuzi za tairodi ili ujue pa kurudisha, na rudisha kabla ya safari ndefu, la sivyo matairi yataliwa ndani na gari litatangatanga barabarani.

Unapojaribu chochote kati ya hivi, badili kitu kimoja, na fanya hivi: kimbia na mpangilio wa zamani, kimbia na mpya, halafu rudi kwenye wa zamani. Kwenye vumbi hili ni lazima. Magari ya kwanza yanafagia mchanga, njia inakuwa ngumu, kila mtu anaongeza kasi kadiri asubuhi inavyokwenda. Bila kurudi nyuma utaipa stablaiza sifa ya kazi iliyofanywa na ufagio. Ukirudi kwenye wa zamani na muda ukabaki mzuri vilevile, huyo ni mchanga, si mpangilio.

Pua ikikataa, usikimbilie kulaumu gari. Angalia video ya mikono pamoja na nguvu ya pembeni. Kama mikono inazidi kuzungusha usukani huku nguvu ya pembeni imesimama au inashuka, tairi za mbele zimeshashiba. Umeingia na mwendo mwingi, au umekanyaga mafuta mapema. Ukisikia injini inapanda kelele na mwendo hauongezeki, tairi la ndani linazunguka bure. Difu ya kawaida ndivyo ilivyo. Nyoosha usukani kwanza, mafuta baadaye.

Koilova sasa. Sizikatai kabisa. Ila nyingi zinazofika huku ni za kushusha gari lipendeze, na kwenye moramu unahitaji nafasi ya springi kupanda na kushuka. Gari likigonga mpira wa mwisho wa shokapu, tairi hilo linapoteza mshiko ghafla. Ukibakiwa na hela baada ya kifaa, zipeleke kwenye matairi. Soma zile namba nne za mwisho kwenye ubavu: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba wa miaka kumi uache dukani hata kama kanyagio limejaa.

Weka hapa faili ya raundi yako bora na mbaya ya siku hiyohiyo, na mchoro wa njia wenye umbali kati ya koni. Nitumie na upepo uliokuwa nao kabla na baada ya raundi. Na kama huyo jamaa atakubali kuendesha Vitz yako, hiyo faili yake ndiyo naitaka kuliko zote.