Maji Yanatuama Uani: Maswali ya Wasomaji

Swali (Goba, Dar es Salaam): Habari za kazi. Kila masika uwani kwangu, kati ya ukuta wa jiko na uzio, panageuka bwawa. Mvua ikikatika maji hukaa siku tatu au nne, na plasta ya jiko imeanza kubanduka upande wa chini. Fundi mmoja anasema nimwage lori mbili za kifusi, mwingine anasema nichimbe shimo la mawe la kunyonya maji. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu msomaji, usimlipe yeyote kabla hujajua maji yanatoka wapi na yataondokea wapi. Kifusi hakiondoi maji, kinayahamisha tu, na mara nyingi kinayahamishia kwenye nyumba. Uwanja unatakiwa uwe chini ya ile nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu (DPC) iliyolazwa juu ya msingi kwa sentimita 15 hivi. Ukiufunika mstari huo kwa kifusi, unyevu unapanda ukutani moja kwa moja, na plasta unayoiona ikibanduka leo itabanduka hadi usawa wa dirisha.

Mvua ijayo toka na mwavuli uangalie paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande wa paa wenye mita 6 kwa 10, ukipata mvua ya milimita 50, ambayo masika ya Dar huweza kuimwaga kwa siku moja, unashusha lita 3,000 mgongoni mwa jiko lako. Kama hakuna gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, anza nayo, uyapeleke maji kwenye tangi au mbali na ukuta. Wapo wengi ambao tatizo lao linaishia hapo, na ni gharama ndogo kuliko kuchimba.

Kisha pima mteremko kwa mpira wa maji ule mweupe wanaotumia mafundi. Ncha moja iwe ukutani, nyingine kwenye uzio. Maji yakitulia, pima toka usawa wa maji hadi ardhini pande zote mbili. Tofauti ya vipimo ndiyo mteremko wako. Hakikisha hakuna povu la hewa ndani ya mpira, maana povu moja linatosha kukudanganya. Mita mbili tatu za kwanza kutoka ukutani ardhi ishuke sentimita 5 kwa kila mita. Baada ya hapo sentimita moja kwa mita inatosha.

Kuhusu shimo la mawe, iulize ardhi yenyewe. Chimba kitundu cha sentimita 30 kwa 30 hadi kina ambacho shimo lingefika, jaza maji, yaache yanywewe, jaza tena ndipo upime. Yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, huo ni udongo wa mfinyanzi na shimo litabaki kuwa kisima cha mbu. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, shimo linafaa, ila liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Na usidanganyike na ukubwa wake: shimo la mita 1.5 kila upande likijazwa mawe linabakiza nafasi ya lita 1,200 hivi tu, kwa sababu mawe yamechukua sehemu kubwa. Ukijengea kuta zake kwa tofali zisizotiwa saruji kwenye viungo vya wima, ukaliacha wazi ndani na kulifunika kwa zege, linabeba maji mengi zaidi.

Ardhi isiponywa maji, chimba mtaro wa kokoto uyatoe nje, kwenye mfereji wa barabara. Kwa urefu wa mita 12: upana sentimita 30, kina 50, ukishuka sentimita moja kila mita, mita moja au zaidi kutoka ukutani, na usipite chini ya kina cha msingi. Unahitaji kokoto safi za robo tatu inchi, meta za ujazo 2, mabomba mawili ya inchi 4 ya mita 6, na kitambaa cha kuchujia chenye upana wa mita 1.8. Tandika kitambaa, mwaga kokoto sentimita 5, laza bomba lililotobolewa safu mbili za matundu ya milimita 10, matundu yakiangalia chini, jaza kokoto, kunja kitambaa juu, kisha funika. Matundu yakiangalia juu, maji hayaingii mpaka mtaro ujae na matope yanaingia kwanza. Nailoni haiwezi kuchukua nafasi ya kitambaa, haipitishi maji. Kokoto zenye vumbi huziba mtaro ndani ya misimu michache, kwa hiyo zioshwe. Weka chemba kila kona ili uweze kusafisha, na wavu mwishoni kuzuia panya. Tafadhali usitoboe uzio kuelekea kwa jirani.

Swali (Kigamboni): Nilichimba shimo la kunyonya maji ya mvua la mita 2. Hata kabla ya mvua kubwa lilikuwa limejaa. Kosa liko wapi?

Jibu: Mchanga wako unanyonya vizuri, ila maji ya ardhini yako karibu. Lichote shimo jioni. Kama asubuhi limejaa lenyewe bila mvua, umelikuta jibu. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe juu ya maji hayo kwa mita moja hivi katika msimu wa mvua, na kwako haiwezekani. Fukia, uyaongoze maji juu kwa juu kwenye mfereji mpana usio na kina.

Swali (Kitengela): Kabro (vitofali vya zege vya kutandaza) ya uani imezama katikati na maji yanasimama hapo. Niongeze mchanga?

Jibu: Hapana. Udongo mweusi wa huko huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo mchanga utazama tena. Ng'oa kabro, ondoa udongo sentimita 30 hadi 45, jaza maramu (udongo mwekundu wa changarawe) ukishindilia tabaka za sentimita 15, kisha mchanga wa sentimita 3 hadi 5. Kabro iteremke sentimita 2 kwa mita kuelekea mfereji wa zege. Karibu na nyumba usichimbe shimo la kunyonya maji, litayumbisha msingi.

Swali (Tabata): Naweza kuyaingiza maji ya mvua kwenye karo la choo?

Jibu: Hapana kabisa. Mvua moja itakoroga uchafu uliotulia, italijaza karo na kurudisha maji machafu bafuni. Vilevile maji ya kufulia na ya jikoni yasiingie kwenye mtaro wa kokoto. Mafuta na sabuni huganda kwenye kokoto, na hapo dawa ni kuuchimbua wote. Yapitishe kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta, na utando wa juu uutoe kila wiki mbili.