E zikijaa kwenye skrini, anza na ya juu

Usiku mmoja hapa Mwanga, Kigoma, nilikaribia kufuta programu niliyomwandikia shangazi ya kuhesabu mauzo yake ya dagaa pale Kibirizi. Niliendesha majaribio 22 kwa unittest, chombo cha kupimia programu kinachokuja na lugha ya Python, yakanirudishia herufi E 21 na F moja. Nikaanza kurekebisha moja moja, kutoka chini kwenda juu. Saa mbili zikaisha bure, na chai ikapoa.

Kosa langu lilikuwa kudhani F na E ni ndugu. F maana yake hesabu imefika mwisho ila jibu silo ulilotarajia. E maana yake jaribio limekwama kwa sababu nyingine: faili haionekani, jina limekosewa, namba imegawanywa kwa sifuri. (Ukihamia pytest, chombo kingine cha kupimia programu za Python, angalia: kosa likitokea ndani ya jaribio lenyewe hupewa F hata kama ni la kukwama, na E hubaki kwa matatizo ya maandalizi.)

Basi nikapanda hadi E ya kwanza. Ripoti ya Python husomwa kuanzia mkiani: mstari wa mwisho unataja kosa, mistari ya juu yake inaonyesha lilikopitia. Mkiani paliandikwa FileNotFoundError, yaani faili haikupatikana, na jina lake bei.csv. Jioni ile nilikuwa nimeihamishia folda nyingine! Maandalizi ya majaribio yote 21 yaliihitaji. Nikairudisha, E zote zikapotea kwa mpigo.

Ile F ikabaki palepale: AssertionError: 45000 != 47500. Mimi huandika jibu la programu kwanza, langu la mkono baadaye. Shika utaratibu mmoja, usije ukasoma kinyume. Kilo tisa na nusu kwa shilingi 5000 ni 47500. Programu ilikuwa inakata ile nusu kwa int(), amri inayobakiza namba nzima tu. Shangazi angepunjwa kila siku, na mimi nilikuwa nahangaika na faili.

Jambo jingine, hasa kwa sisi tunaopenda majina ya Kiswahili. Faili langu la kwanza niliita jaribio_mauzo.py. Unittest, isipoelekezwa vingine, hutafuta faili zinazoanza na test, na ndani yake vitendo (function za majaribio) ambavyo majina yao yanaanza hivyohivyo. Ikaniambia imeendesha majaribio 0, kisha OK. Nikalala kwa furaha. Tangu toleo la 3.12 huandika NO TESTS RAN, afadhali. Siku hizi langu linaitwa test_jaribio_mauzo.py, jina la ajabu kweli, lakini linaonekana.