Maswali na Majibu: Dauntless, Ndege Iliyoteremkia Manowari

Swali: Kwa nini Dauntless, ndege ya mabomu ya jeshi la majini la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, ilishambulia kwa kuteremka karibu wima badala ya kupita juu ya meli na kuangusha bomu?

Jibu: Bomu linaloachiwa kutoka juu sana huchelewa kufika chini, na meli yenye mwendo hupata nafasi ya kukata kona. Rubani wa Dauntless aliinamisha pua akiwa juu sana, akateremka kwa nyuzi 70 hivi, na kuachia bomu zikiwa zimesalia meta mia kadhaa tu. Nyuma yake aliketi mwendesha redio aliyeshika pia bunduki, akitazama mkiani, kwa hiyo aliteremka kinyumenyume bila kuona anakokwenda. Nafikiri ujasiri wa watu hawa wa kiti cha nyuma hautajwi inavyostahili.

Swali: Yale matundu kwenye mabawa yalikuwa ya nini?

Jibu: Ni matundu ya breki. Vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vilifunguka juu na chini ili kupunguza kasi, rubani apate kulenga kwa utulivu. Vibao visivyo na matundu vilivuruga upepo hadi mkia ukatikisika vibaya, ndipo wahandisi wa kampuni ya Douglas, chini ya Ed Heinemann, walipovitoboa kwa matundu ya mviringo yenye upana wa kinywa cha kikombe cha chai. Bomu nalo lilishikwa na uma wa chuma uliolisukuma mbali na tumbo la ndege, lisije likagonga pangaboi.

Swali: Je, ni kweli kwamba ushindi wa Marekani dhidi ya Japani katika pigano la Midway, bahari ya Pasifiki, ulipatikana kwa dakika chache?

Jibu: Mabomu yalipiga kwa dakika chache, lakini dakika hizo zilikuwa zimelipiwa mapema. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942, ndege 15 za topido (bomu linalokwenda majini) kutoka Hornet, meli ya Kimarekani ya kubeba ndege, ziliangushwa zote, na kati ya watu 30 waliokuwamo alinusurika mmoja tu, George Gay. Mashambulizi ya topido ya asubuhi ile yalizivuta ndege za Kijapani za ulinzi chini, karibu na maji. Wakati huo Wade McClusky, kiongozi wa ndege za Enterprise, meli nyingine ya Kimarekani ya kubeba ndege, mafuta yakizidi kupungua, aliiona manowari ya Kijapani ya Arashi ikienda mbio peke yake, akaamua kufuata uelekeo wake hadi kwa wenzake. Vijana wake wakazipiga Kaga na Akagi, meli mbili kati ya nne za Kijapani za kubeba ndege, wale wa meli ya Kimarekani ya Yorktown wakaipiga Soryu, na alasiri ikafuata zamu ya Hiryu.

Swali: Ndege hizo ziliishia wapi?

Jibu: Zilitengenezwa 5,936. Mabawa yake hayakukunjwa, hivyo zilikula nafasi melini, na kuanzia mwishoni mwa 1943 ndege mpya iitwayo Helldiver ilianza kuchukua mahali pake. Moja iliyopigana Midway ikarudi na matundu ya risasi 219 ilitumika baadaye kufundishia marubani, ikazama katika Ziwa Michigan, ikaopolewa, na baadaye ikawekwa katika makumbusho ya Pensacola, Florida.