Faili za FLAC za biti 24 hazina tofauti na MP3? Kagua njia kabla ya kununua amplifaya

Mkuu, umesema una faili za FLAC za biti 24, kilohezi 96, unazirusha kutoka kwenye simu hadi kwenye amplifaya kwa Bluetooth, husikii tofauti na MP3, na sasa unataka amplifaya nyingine. Subiri kwanza. Hiyo uliyonayo haijawahi kuzipokea faili hizo zikiwa kamili.

Piga hesabu: biti 24 mara sampuli 96,000 kila sekunde mara chaneli mbili ni kilobiti 4,608 kwa sekunde. FLAC hubana bila kupoteza chochote, lakini Bluetooth haipokei FLAC yenyewe. Simu huifungua, huibana upya kwa namna inayotupa sehemu ya sauti, ndipo inarusha. SBC, njia ya kawaida ya Bluetooth ya kubana sauti, hupitisha kilobiti mia tatu na ushee. Hata LDAC, njia nyingine ya ubora wa juu zaidi, mwisho wake ni 990. Kinachofika ni ndugu wa MP3.

Mimi nyumbani natumia kompyuta ndogo yenye diski ya nje, waya wa USB hadi kwenye DAC (kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa mawimbi ya umeme), kisha amplifaya. DAC yangu ina kioo kidogo kinachoonyesha kilohezi zinazoingia (maelfu ya sampuli kwa sekunde), na hicho ndicho ninachokiamini kuliko tangazo lolote. Windows kwa kawaida huchanganya sauti za programu zote na kuzileta kwenye kiwango kimoja, kwa hiyo unacheza faili ya 96 na kioo kinasema 48. Kwenye foobar2000, programu ya kuchezea muziki, nenda mipangilio ya kutoa sauti, chagua WASAPI (njia ya Windows ya kupeleka sauti kwenye kifaa) ile ya kumiliki kifaa peke yake. Hapo kioo kinaruka hadi 96, na ukiingia albamu iliyotoka kwenye CD unasikia "tik" ndogo ndani ya DAC, namba inashuka hadi 44.1. Tik hiyo huwa inanifurahisha sana.

Kompyuta si lazima. Simu ya Android kwa waya wa USB inatosha, ila tumia programu inayokwepa kichanganyio cha simu, kama USB Audio Player PRO.

Kagua na faili zenyewe. Zifungue kwa Spek, programu ya bure inayochora masafa ya sauti, toka besi hadi sauti nyembamba kabisa. Faili ya 96 ambayo mchoro wake umekatwa wima kwenye kilohezi 22, juu yake giza tupu, kuna uwezekano mkubwa ni CD iliyovimbishwa, yaani namba zimeongezwa bila sauti mpya.

Ila usitarajie miujiza. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha majaribio 18: wasikilizaji walitambua sauti ya kiwango cha juu kwa asilimia 52.3, wakati kubahatisha tu kunakupa 50. Waliofundishwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Kwangu mimi, namna albamu ilivyoandaliwa studio inazidi biti na kilohezi kwa mbali, na kusogeza spika mbali na ukuta kulinipa besi safi kuliko faili yoyote.

Kwa hiyo hela ya amplifaya nunulia DAC ya kawaida yenye kioo, na diski ya pili ya kuhifadhia nakala, maana diski hufa bila taarifa. Ukishaunganisha, tuwekee hapa namba unayoiona kwenye kioo, na programu unayotumia.