Kanda za zamani zinayumba, mpya ziko sawa

SWALI: Nimenunua pleya mpya ya mkononi. Kanda mpya inasikika vizuri, lakini kanda zangu za taarab za miaka ya 1980 sauti inayumba na imefifia. Nibadilishe mashine? — Msomaji, Temeke

JIBU: Mashine haina kosa, ndiyo maana kanda mpya inaimba vizuri. Usiguse ile skrubu ndogo kando ya hedi, kile kipande cha chuma kinachosoma utepe. Ukiizungusha utaharibu kilicho sawa.

Utepe unatakiwa kupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Uliokaa miaka mingi bila kuchezwa hugandana kwenye gurudumu, kwa hiyo unavutwa kwa kushtuka. Gongesha kaseti ubapa wake kwenye kiganja mara tatu nne, kisha peleka mbele hadi mwisho na urudishe hadi mwanzo. Ikikaza, tumia kalamu ya Bic, usiilazimishe mota. Kanda za C-120, yaani za dakika 120, utepe wake mwembamba mno, nenda nazo taratibu.

Kabla ya hapo, chungulia kwenye kidirisha cha kaseti. Unga mweupe pembeni mwa utepe ni ukungu, na kwa unyevu wa Dar si ajabu. Usiicheze, itachafua hedi na kanda nyingine.

Kufifia kwa kawaida ni uchafu wa kahawia ambao kanda za zamani huuacha kwenye hedi, au kile kipande cha sponji nyuma ya utepe kimebanduka. Futa hedi kwa pamba yenye spiriti kidogo, ikauke dakika tano. Rola ya mpira ifutwe kwa maji tu. Spiriti huikausha ikapasuka.