Fedora au pama: kofia ya 57 haimkai mtu wa 59

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nansio, Ukerewe. Mwezi wa saba namwoza kijana wangu hapo Mwanza, nataka kofia moja nzuri ya kwendea kanisani na baadaye ya safari, maana sikosi kupanda boti kila mwezi. Mlango Mmoja nimeona mbili: fedora ya kijivu ya felti, namba 57, na pama nyeupe, namba 59. Kichwa changu nimekipima, ni sentimita 59. Muuzaji anasema fedora ndiyo kofia ya heshima, pama ni ya shambani na ukiikunja huwa inakaa mfukoni. Hiyo 57 ataitanua kwa mvuke, akiivuta juu ya sufuria ya moto, bila malipo. Nichukue ipi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa harusi. Hiyo fedora iache. Siikatai kwa kuwa ni fedora, naikataa kwa kuwa ni 57. Umefanya jambo ambalo wateja wengi hawalifanyi, umepima kichwa kabla ya kwenda sokoni, halafu mtu mwenye sufuria anataka kukufanya usahau ulichokipima.

Kofia zilizotanuliwa kwa mvuke naletewa kila wakati. Nyingine zimenunuliwa juzi tu pale Makoroboi, nyingine ni za marehemu baba, mtoto amerithi kofia lakini kichwa chake ni kikubwa kuliko cha mzee. Zote zinakuja na ugonjwa mmoja. Ukingo umepata mawimbi, hautulii hata uupige pasi vipi. Ukigeuza ndani, mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso umeachia mshono upande wa nyuma, palipo na kifundo kidogo cha utepe, na ngozi yenyewe imekakamaa. Mwenyewe ananiambia kofia ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu, ilichemshwa.

Felti haifumwi. Ni sufu ya kondoo, au kwa zile za bei kubwa ni manyoya ya sungura, yaliyoloweshwa, yakatiwa joto na kusuguliwa mpaka yakashikana yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo maji, joto na msuguano ndivyo vilivyoikaza tangu mwanzo, na ukivirudisha bila kipimo itazidi kukaza. Mvuke huilainisha kwa dakika chache, ndiyo maana pale sokoni inaingia kichwani na mtu analipa akiwa amefurahi. Ikipoa na kukauka inaanza kurudi ilikotoka. Jasho la siku moja juani linamalizia kazi, na ule mkanda wa ngozi ukishapata moto husinyaa hata kabla ya felti, ukaivuta kofia nzima pamoja nao. Wanaoacha kofia juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa wanalijua hili, ingawa wao hudhani kichwa kimenenepa.

Halafu hilo sufuria. Sufuria ni duara, kichwa cha binadamu kina umbo la yai, kirefu kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Kofia iliyovutwa juu ya sufuria itakubana mbele na nyuma na kuacha uwazi kwenye panja, kulia na kushoto. Utakaa nayo ibada nzima kichwa kikigonga, na ukiivua una mstari mwekundu kwenye paji mbele ya wakwe.

Kutanua kofia kupo, sikatai. Tuna kitanuzi cha mbao, vipande viwili vyenye umbo la kichwa na skrubu katikati. Unakaza kidogo, unailaza usiku, asubuhi unaongeza. Kwa subira yote hiyo unapata nusu namba, yaani milimita tano za mzunguko, na felti ikiwa nzuri sana unaweza kuisogeza namba moja. Wewe unahitaji mbili. Anayekuahidi namba mbili kwa muda wa kuchemsha chai ama hajui kazi, ama anajua kwamba ukishapanda boti ya Nansio hutarudi kumdai.

Kinyume chake ni rahisi. Kofia iliyokuzidi kidogo fundi yeyote makini huweka ukanda mwembamba wa sponji au felti nyuma ya mkanda wa ngozi, na unavaa miaka. Kwa hiyo ukikosa 59 kamili, chukua 60. Usishuke.

Sasa hiyo habari ya heshima na shamba. Muuzaji amekulinganishia vitu visivyolingana. Fedora ni umbo: juu pamebonyezwa kwa urefu, mbele pamebanwa pande mbili, ukingo ni laini, unaweza kuushusha mbele na kuuinua nyuma. Pama, nikiwa na maana ya Panama yenyewe, ni majani, na nyingi huundwa kwa umbo hilohilo la fedora. Panama ya kweli husukwa kwa mkono nchini Ecuador, wala si Panama, kwa majani ya mmea uitwao toquilla. Wasukaji wa zile bora kabisa hupenda kufanya kazi alfajiri au jioni, hewa ikiwa na unyevu, kwa sababu unyuzi ukikauka unakatika, na kofia moja ya daraja la juu inaweza kuchukua miezi. UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2012. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kukagua ujenzi wa Mfereji wa Panama mwaka 1906 akiwa na kofia hiyo kichwani. Kuiita ya shambani ni kumdhulumu aliyeisuka, na harusini ukiivaa na suti nyepesi hakuna atakayekuuliza.

Kwa maisha yako, felti ningeiweka nafasi ya pili. Ni kofia nzuri ya jioni na ya masika, inastahimili manyunyu, lakini Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta na saa sita mchana jua liko utosini. Felti haipumui kama majani. Kwenye boti utaivua baada ya nusu saa ujipepee, na kofia iliyo mkononi haikingi kitu.

Na hapa ndipo namba na jua vinapokutana, jambo ambalo wauza kofia hawalisemi kabisa. Kofia ndogo haishuki mpaka juu ya masikio, inakaa juu ya kichwa. Ukingo ukipanda hivyo, kivuli kinahama kwenye masikio na shingo, hata kama ukingo wenyewe ni mpana. Wataalamu wa kinga ya jua wanataka ukingo usiopungua sentimita 7.5 kuzunguka pande zote. Fedora nyingi za mitumba ni kama sentimita sita, na zile ndogo za kisasa wanazovaa vijana, ambazo nazo wauzaji huziita fedora, hazifiki hata tano. Hizo ni urembo. Kijana wa harusi avae, sina neno naye.

Linaloniumiza ni ninapoona kofia hizo zimevalishwa watoto wenye ualbino, hapa hapa kando ya ziwa, ambako jua linapiga kutoka juu na jingine linarudi kutoka kwenye maji. Mama amejinyima, amenunua kofia, ameambiwa inatosha, au itatanuliwa mtoto akikua. Mtoto anakwenda shule masikio na shingo vikiwa wazi, na saratani ya ngozi kwa watoto hawa huanza na majeraha ya hapo hapo. Mzazi unayesoma hili: pima kichwa cha mtoto kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya masikio na katikati ya paji, ongeza sentimita moja, pima na ukingo kwa rula. Kisha inua kofia uitazame kuelekea mwangaza. Ukiona matundu ya nuru yamejaa kama chekecheo, jua nalo linapita hapo. Ikishindwa kipimo kimoja, irudishe, hata muuzaji akinuna. Na akikuambia ataipulizia dawa ya kushikisha nywele au ataipaka wanga iwe ngumu na idumu, ondoka kabisa. Inayokuwa ngumu hivyo inapasuka, na ikinyeshewa mara moja inalegea yote.

Mwalimu, hiyo pama ya 59 ikague kabla ya kutoa hela, maana nyingi zinazoitwa Panama ni karatasi iliyosokotwa. Tazama utosini kwa juu: ya kusukwa ina ua dogo ambapo msuko ulianzia, na nyuzi zinatawanyika kutoka hapo. Ukikuta ukanda ulioshonwa kwa cherehani ukizunguka kutoka katikati, hiyo si Panama. Inaweza kuwa kofia nzuri ya majani mengine kwa bei yake, mradi usiilipie bei ya toquilla. Lowesha kidole uguse sehemu iliyojificha chini ya utepe. Karatasi hulainika na kutoa vumbi kwenye kidole.

Ikiwa ni ya kweli, usimsikilize anayesema inakunjwa mfukoni. Inakunjika, ndiyo, na kila mkunjo unakata nyuzi chache, hasa miezi hii ya kiangazi. Usiishike pale mbele palipobanwa, ndipo zote zinapotobokea. Shika ukingo kwa mikono miwili. Kanisani utakapoivua iweke chali, ikae kwa utosi, ukingo uwe juu. Na kwa ajili ya boti, mpe fundi cherehani wa hapo Nansio akushonee kamba nyembamba ya kidevu kwenye mkanda wa ndani, ashone kwenye ngozi tu bila kutoboa majani. Siku ya harusi unaiingiza ndani ya kofia, haionekani.